Kwao imenyesha, kwetu bado: jinsi ya kulinganisha mvua za Uganda kabla hujatia mbegu

Kila mwaka mwezi wa pili ukielekea mwisho simu zinaanza kulia. Mtu wa Masaka anampigia shemeji yake wa Lira, "shemeji, huku jana imepiga vibaya sana, nyinyi bado mmelala?" Shemeji anatoka nje, anaona wingu moja huko mbali upande wa Apac, anaona aibu kuachwa nyuma, kesho yake anatia mahindi kwenye udongo ambao ukichokoa kwa kidole tu unakutana na vumbi. Wiki mbili baadae ukipita pale unakuta mashimo matupu, mbegu zingine zimeliwa na panya na mchwa, zingine zilichipua zikakosa maji zikafa, na mbegu ya duka bei yake siku hizi mnaijua wenyewe.

Sisemi watu waache kupigiana simu. Kulinganisha hali ya hewa kati ya sehemu na sehemu ni jambo zuri na wakulima wengi hawalifanyi vya kutosha, ila tukilifanya tunauliza swali ambalo halisaidii. Tunauliza "imenyesha?" wakati swali la maana ni kwenu mvua huwa inaanza lini, inakatika lini, na katikati inapumzika muda gani. Hayo matatu ndo yanakuambia upande nini na upande lini. Lile la imenyesha peke yake ni habari tu, kama matokeo ya mpira.

Tuanze na kitu ambacho wengi tulifundishwa shule alafu tukakiacha hukohuko. Ikweta inapita nchini kwetu, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka ambapo watalii wanasimama kupiga picha. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, na mkanda wa mvua unalifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Kwa hiyo watu wa kusini na kati, Masaka, Mbarara, Kampala, Mubende, wanapata mvua mbili zilizoachana kabisa, ya kwanza Machi mpaka Mei na ya pili Septemba mpaka Novemba au mwanzo wa Desemba, na katikati kuna ukavu wa Juni na Julai na ule mwingine wa Januari na Februari. Baganda wanaiita ya kwanza ttoggo na ya pili ddumbi, na ukimuuliza mzee yeyote wa Buganda atakuambia ipi anaiamini kwa maharage na ipi anaiogopa.

Sasa panda kaskazini. Kadiri unavyoenda juu, zile mvua mbili zinasogeleana, ukifika Lira, Gulu, Kitgum zimeshikana karibu kuwa moja. Inaanza mwisho wa Machi au ndani ya Aprili, inalegea kidogo Juni kuingia Julai, inarudi na nguvu Agosti, inakatika Oktoba au Novemba, alafu kinakuja kiangazi kimoja kirefu na kikali mpaka Machi tena, na upepo mkavu wa kaskazini mashariki unakausha kila kitu na nyasi zinachomwa usiku kucha. Mwezi wa saba na wa nane wakati ng'ombe wa Mbarara wanatafuta maji, mtu wa Arua anapalilia kwenye tope, kwasababu mkanda wa mvua uko kwake na unyevu kutoka upande wa Kongo unaendelea kuulisha. Karamoja nao wana msimu mmoja tu, Aprili mpaka Septemba hivi, tena wa kukatikakatika, na kwa mwaka mzima wanapata kama milimita 500 mpaka 800 wakati visiwa vya Ssese kwenye Ziwa Victoria vinapita 2000. Nchi moja hiyo.

Nataja haya kwasababu siku hizi ushauri wa kilimo unatembea sana kwa simu, na mwingi wa Kiswahili unatoka kwa ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Ni ushauri mzuri, wanajua kazi, lakini kalenda yake sio yako. Mtu wa Dodoma ana msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo akisema andaa shamba mwezi wa kumi na moja mvua iko njiani anasema ukweli mtupu wa kwao. Ukimfuata wewe wa Gulu utakuwa unatia mbegu wakati majirani wanachoma nyasi. Chukua kwake nafasi za kupandia, chukua namna ya kutumia mbolea, chukua jinsi ya kupima ubora wa mbegu, tarehe mwachie mwenyewe.

Hesabu kutoka mwisho

Hapa ndo napenda nikae kidogo maana ndo panapopoteza mavuno ya watu wengi. Wakulima wetu karibu wote wanahesabu kutoka mwanzo, mvua imeanza tupande basi, hakuna anayeuliza mazao yatakuwa wapi mvua ikikatika. Mimi nasema anza na mwisho. Uliza wazee wa kijiji chako, sio wa kijiji cha shemeji, mvua ya maana ya mwisho huwa inanyesha lini katika miaka ya kawaida, alafu rudi nyuma kwa siku ambazo mbegu yako inahitaji.

Chukua mfano wa Lango, yaani upande wa Lira, sizoni ya pili. Tuseme mvua kwenu inakatika katikati ya Novemba. Mahindi ya Longe 5, yale tunayoita Nalongo, yanachukua kama siku 115 mpaka kukomaa. Ukirudi nyuma siku 115 kutoka Novemba 15 unaangukia Julai 23. Lakini zile wiki tatu za mwisho mahindi hayahitaji mvua, yanakauka tu, kwa hiyo unaweza kusogea mpaka kama wiki ya pili ya Agosti na bado ukawa salama. Baada ya hapo unacheza kamari. Mtu anayetia mahindi mwanzo wa Septemba Lira kwasababu kaka yake wa Mityana naye anatia mahindi mwanzo wa Septemba, huyo hajafanya hesabu: wa Mityana mvua yake ndo kwanza inaanza, ya kwake imebakiza wiki kumi. Kama umechelewa hivyo, weka maharage ya muda mfupi, zile NABE za siku 60 mpaka 70, au kama ni mapema kidogo weka simsim, yaani ufuta, ambao wenyewe wa kaskazini wanajua inapenda kumalizia kwenye ukavu.

Na kuchelewa kwingi sababu yake sio mvua. Ni ng'ombe wa kulimia kuazimwa na watu watano, ni pesa ya mkopo au ya kikundi kufika Juni wakati ilitakiwa Februari, mtu akishika hela mkononi anaona lazima anunue mbegu leoleo aende shambani. Pesa ikija nje ya msimu nunua mbegu ndio, ihifadhi sehemu kavu yenye hewa, au nunua mbuzi, lakini usizike mtaji ardhini ili tu uonekane umefanya kazi.

Kitu cha pili kwenye hesabu hiyo ni ule mpumziko wa katikati. Mahindi yana siku zake ambazo yakikosa maji hayasamehi, nazo ni pale yanapotoa mbelewele na ndevu, kama siku ya 55 mpaka 70 hivi baada ya kupanda. Ukame wa wiki mbili mahindi yakiwa ya magoti unayachelewesha tu, ukame huohuo ndevu zikiwa nje unakuachia magunzi yenye mapengo. Sasa angalia Teso, yaani upande wa Soroti, na Lango: mvua inalegea Juni kuingia Julai. Aliyepanda mwisho wa Machi au siku za kwanza za Aprili, ndevu zinatoka mwisho wa Mei au mwanzo kabisa wa Juni, bado kuna maji. Aliyengoja mpaka katikati ya Aprili au mwisho wake, ndevu zake zinatoka katikati ya Juni mpaka Julai, yaani zinakutana na ukavu uso kwa uso. Wiki tatu tu za tofauti, shamba hilohilo, mbegu hiyohiyo, na huyu wa pili atasema amerogwa au mbegu ilikuwa feki. Feki zipo sokoni sikatai, lakini kabla hujaenda kugombana na mwenye duka hesabu siku zako kwanza.

Mtama na ulezi zinavumilia zaidi, ndio maana wazee wa Teso ulezi wao wanauingiza mapema sana na mvua za kwanzakwanza na hawahangaiki. Na Karamoja jamani tusiende kuwafundisha mahindi haibridi ya miezi minne. Kule mtama wa muda mfupi ndo zao, na hata huo usipandwe wote siku moja, gawanya shamba mara mbili au tatu uachanishe kama siku 10, mvua ikiruka kipande kimoja ikute kingine.

Milimita sio kila kitu

Watu wakishajua namba za mvua wanaanza kushindana nazo, sisi tunapata nyingi nyinyi mnapata kidogo. Kabale wanapata kama milimita 1000 kwa mwaka, Gulu kama 1500. Ukiangalia namba tu utasema Gulu ni kijani kuliko Kabale, nenda mwezi wa pili uone mwenyewe. Kabale iko juu, mji wake uko kwenye mita kama 1900, asubuhi ukungu umelala mabondeni mpaka saa tatu, jua likitoka halina ukali wa kukausha. Gulu jua na upepo vinanyonya maji kutoka ardhini mpaka milimita 5 au 6 kwa siku, maana yake mvua ya milimita 20 uliyoifurahia Jumatatu, Ijumaa imeisha. Na kama udongo ni wa kichanga kama sehemu nyingi za Teso, nyingine imeshuka chini kabla mizizi haijaifikia. Kwa hiyo unapolinganisha na mwenzako uliza pia udongo wake ukoje na kuna baridi kiasi gani.

Baridi inaongeza siku za zao kukaa shambani. Kila ukipanda mlima mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6, na mahindi yanakua kwa joto. Mbegu ambayo kwenye pakiti imeandikwa siku 115 hesabu yake ni ya sehemu za kati zenye joto la kawaida, ukiipeleka Kabale au juu Kapchorwa inaongeza wiki nyingi tu. Mtu wa Kapchorwa anapanda Machi au Aprili anavuna Agosti, Septemba, wengine Oktoba, anapata mahindi mara moja kwa mwaka, na wa tambarare anamcheka kwamba ni mvivu wa kupanda mara mbili. Wala sio uvivu. Huyo wa juu naye ana viazi mviringo na kabichi ambavyo wewe wa Soroti huwezi, na ana shida yake ambayo wewe huijui: ukungu wa mfululizo siku tatu nne unaleta ugonjwa wa baka jani kwenye viazi, na dawa yake inatakiwa ipigwe kabla majani hayajaanza madoa, sio baada.

Kahawa nayo inachanganya watu. Mkulima wa Masaka mavuno yake makubwa ya robusta ni kama Mei mpaka Agosti, wa Mukono, Kayunga au Luweero makubwa yake ni Novemba mpaka Februari, na kutoka hapa mpaka pale ni safari ya taxi ya asubuhi moja. Kila mmoja kile kipindi cha mwenzake kwake ni mavuno madogo. Sababu ni maua: robusta inatoa maua ikipata mvua baada ya kiangazi, alafu kutoka ua mpaka tunda jekundu ni miezi 9 mpaka 11. Masaka kiangazi cha Juni mpaka Agosti ndo kinachoamsha maua mengi, Mukono ni kile cha Januari na Februari. Ukilijua hili huendi kushtuka mwenzako anapokuambia miti yake imejaa wakati ya kwako mitupu, na ukitafuta vibarua wa kuchuma au turubai za kukodi unajua upande gani saa hiyo hawazihitaji. Mvua ikipiga maua yakiwa wazi hiyo ni hasara ya mwaka unaokuja, iandike mahali usije ukashangaa baadae.

Pima kwako mwenyewe

Mvua zetu nyingi ni za radi, zinanyesha kwa vipande. Inaweza kupiga upande huu wa barabara na upande ule watu wanaanika mihogo. Kwahiyo hata mkiwa gombolola moja, yaani kata moja, usipande kwa mvua ya jirani, pima ya kwako, na kipimo hakihitaji pesa.

Tafuta kopo la bati lenye pande zilizonyooka, yale makopo ya maziwa ya unga yanafaa, mdomo na kitako viwe na upana sawa. Chupa ya soda yenye kiuno haifai, itakudanganya. Lifunge kwenye mti wa fensi kimo cha kiuno au kifua, mdomo wake upite juu ya mti wenyewe, na liwe mbali na nyumba na miti, umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula ya mtoto wa shule mpaka chini, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Angalia rula kama sifuri yake inaanzia ukingoni kabisa, nyingi zina kipande kitupu mwanzo, hicho kipande kikate. Usisahau kumwaga, na usiruhusu watoto walitumie kuokotea kumbikumbi. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, ukipata 20 kwenye ekari moja ambayo ni mita za mraba kama 4000, hapo umemwagiliwa lita 80,000 bure.

Ukishapata jumla ya kama milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, chukua jembe chimba kina cha sentimita 15, shika udongo wa chini ukamue. Ukishikana ukabaki bonge, panda. Ukimwagika kwenye vidole, ngoja hata kama kijiji kizima kiko shambani. Kumbikumbi kuruka na vyura kuanza kelele ni dalili nzuri za kuamka kutayarisha, sio za kutia mbegu, maana mvua ya kwanza mara nyingi inafuatwa na siku kumi za jua. Kama una wasiwasi, panda nusu.

Kingine cha kulinganisha ambacho watu hawakifikirii ni saa ya mvua. Karibu na Ziwa Victoria, Entebbe, Kalangala, Mukono ya chini, radi nyingi zinatengenezwa usiku juu ya ziwa na zinafika pwani alfajiri au asubuhi. Ukienda ndani, Lira, Soroti, mvua ni ya mchana kuendelea jioni baada ya jua kupasha ardhi. Mkulima wa ndani anayepiga dawa ya viwavijeshi apige asubuhi mapema, wadudu bado wako juu kwenye moyo wa muhindi na dawa inapata masaa ya kukauka. Wa ufukweni akifanya hivyo siku nyingi dawa inaoshwa kabla hajamaliza hata bomba la pili, yeye jioni ndo salama zaidi. Yule mdudu tangu aingie nchini miaka ya 2016 na 2017 amekuwa wa kila msimu na anapenda mahindi yaliyochelewa, kwahiyo hapa tena mwenye kupanda kwa wakati anapunguza kazi ya bomba.

Kuna sehemu lile swali la "imenyesha?" lina maana kweli, nayo ni kwa watu wa bondeni. Mto Manafwa unatoka Elgon, unapita kwa watu wa Bududa, unashuka mpaka Butaleja kwenye mpunga wa Doho. Mtu wa Butaleja anaweza kuwa na jua kali na usiku maji yakaingia shambani, kwasababu imenyesha juu jioni. Kasese tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulishuka na mawe kutoka Rwenzori, na Mbale mwisho wa Julai 2022 mito ilifurika usiku mmoja watu wakafa. Ukiwa na shamba bondeni uwe na namba ya mtu wa juu, mpigie kila jioni ya mvua, na mpunga wako usiweke mbolea siku ambayo yeye anasema huku kunamwagika. Na nyinyi mnaolima juu huko miteremkoni, Nametsi kule Bududa Machi 2010 na Bulambuli Novemba 2024 mlima ulishuka na watu, kwa hiyo tafadhali mitaro ya kukinga maji na nyasi za matembo kwenye kingo sio mapambo, na ukiona ufa mpya ardhini baada ya mvua ya siku kadhaa hiyo sio habari ya kilimo tena, toeni familia.

Kuhusu utabiri wa redioni. Wataalam wa hali ya hewa wa serikali wanatoa utabiri wa msimu kwa Machi mpaka Mei, Juni mpaka Agosti, na Septemba mpaka Desemba, wakigawa nchi kwa kanda, na watu wanausikia vibaya. Wakisema kanda yenu ina asilimia 45 ya mvua kuwa juu ya kawaida hawamaanishi mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Wanamaanisha kati ya mambo matatu, juu ya kawaida, kawaida, na chini, hilo la juu ndo lina nafasi kubwa kidogo, na yale mawili bado yapo. Kawaida yenyewe ni wastani wa miaka 30 ya kanda yenu, kwahiyo "juu ya kawaida" ya Moroto bado inaweza kuwa ndogo kuliko "chini ya kawaida" ya Kalangala. Sikiliza kanda yako tu. Na wakitaja El Niño usikimbilie kufurahi au kulia: huwa ina tabia ya kuongeza mvua za Septemba mpaka Desemba, hasa kusini na mashariki, lakini Karamoja na kaskazini mara nyingi inawapunguzia zile za Juni mpaka Septemba. Bahari ya Hindi nayo ina mchezo wake, mwisho wa 2019 ilipopata joto upande wetu mvua haikukatika, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, watu wa maziwani wakahama.

La mwisho ni kuanika, maana kuna watu wanalima vizuri wote huu mwaka alafu wanapoteza wiki ya mwisho. Mubende na Masaka mavuno ya sizoni ya kwanza yanaangukia Juni na Julai, kumekauka, unaanika unamaliza. Kaskazini na Kiryandongo mavuno yale ya Julai na Agosti yanakutana na mvua inayorudi, na hapo ndo sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu wa kwenye nafaka, inapopata nafasi, mahindi yanarundikwa mabichi kwenye magunia nyumbani yakingoja jua. Nyinyi wa huko msiige ratiba ya kusini ya kuacha mahindi yakauke shambani mpaka yainame, yavuneni yakikomaa tu, yatundikwe au yawekwe kwenye kibanda kilichoinuliwa chenye hewa, yapukuchuliwe baadae, yaanikwe juu ya turubai na sio chini. Yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 ndo yaingie gunia. Kama hamna mashine ya kupimia, kuna njia ya kukadiria tu, inaonyesha kama yameshuka chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo hata yakipita yaongezee jua: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga tikisa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikibaki imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani na ujaribu tena kesho kwa chumvi nyingine kavu.